Betri ya Zambarau

Asubuhi niliyoondoka Kitui sikuwa na mahali pa kwenda. Chumba nilikuwa nimekilipia hadi mwisho wa mwezi na zilibaki siku tisa, lakini niliamka nikajua siwezi kuzimaliza. Hali hiyo hunijia tangu utotoni. Ndiyo iliyonitoa shule nikiwa darasa la saba. Masomo hayakunishinda, kukaa ndiko kulikonishinda. Nikafunga mfuko wangu: mita ya kupimia umeme, chaja ya matundu manne, mkasi, maganda ya plastiki ya kuvalisha betri, tochi yangu ya kichwani, na betri ishirini hivi nilizozichomoa kwenye kompyuta za mkononi zilizokufa. Nikapanda gari la kwanza lililokuwa na nafasi. Lilikuwa linakwenda Kibwezi kupitia Mutomo.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa betri za tochi. Si zile za kutupa zikiisha. Nasema hizi za lithiamu, urefu wa kidole cha kati na unene wa kidole gumba, ambazo huchajiwa tena na tena, na zikiwekwa kwenye tochi kali humulika hadi ng'ambo ya bonde. Hakuna aliyenifundisha. Niligundua kwamba kompyuta ikikataa kukaa na chaji watu huitupa betri yake yote, na kumbe ndani mna sita, na zilizokufa ni moja au mbili tu. Nilijifunza kwa kuzipima na kwa kuungua vidole. Wakati mmoja nilinunua sokoni betri mpya iliyoandikwa nambari kubwa ajabu ubavuni. Ilikuwa nyepesi mkononi kuliko ilivyofaa. Nikaipasua. Ndani nilikuta betri ndogo kama kipande cha kalamu, imezungukwa na unga mweupe. Nikasema waliotengeneza kitu hiki ni wezi, na nilikuwa na hakika kwamba mimi si mtu wa namna hiyo.

Kibwezi hapakunishika. Nikasogea Kambu, nikashuka kwa sababu ya njaa tu. Hotelini, mhudumu aliiona mita yangu ikichungulia kwenye mfuko akaniuliza kama natengeneza tochi. Akaniambia huko chini, kwenye mashamba yanayopakana na mbuga, watu wanalia. Ndengu zilikuwa zimeanza kutoa maganda na ndovu walikuwa wameanza kuvuka. Bila tochi kali mtu hulima akamlimia ndovu.

Nilizunguka mashamba hayo kwa siku mbili. Nilikaribishwa kuliko nilivyowahi kukaribishwa popote. Kila boma lilikuwa na tochi moja ndefu ya bati, na kila tochi ilikuwa na ugonjwa wake. Kufikia siku ya pili jioni betri zangu nzuri zilikuwa zimekwisha, na ndipo nilipofika boma la mwisho kabisa, ambalo nyuma yake hakuna nyumba nyingine, ni kichaka na mbuga.

Mwenyewe alikuwa mwanamke mzee. Kila mtu kwenye mteremko ule alimwita susu, yaani bibi, nami nikamwita hivyo. Alikuwa ameketi nje ya jikoni akipepeta mbaazi.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, susu."

"Mbona umekonda hivi? Hizo tochi hazikulishi?"

"Zinanilisha, lakini zinanitembeza sana."

"Basi keti kwanza. Mtu hashiki vitu vya stima na tumbo tupu."

Alinipa muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwenye bakuli na akaniangalia hadi nikaumaliza. Kisha akaleta tochi. Ilikuwa ya betri mbili, zinazolala moja nyuma ya nyingine ndani ya bomba. Mpira wa mkiani, pale pa kubonyeza, ulikuwa umetobokatoboka.

"Susu, hii imetafunwa na panya."

"Panya ni mimi," akasema.

Nilidhani anatania. Akasimama, akachukua debe tupu na kipande cha mti, akaiuma tochi mkiani, na pale uani jua likiwa bado linawaka akaanza kulipiga debe huku akigeuza kichwa kulia na kushoto, polepole, kama mtu anayemulika shamba. Kuku walitawanyika. Nilicheka hadi nikashika ubavu, naye akaitoa tochi mdomoni akacheka pia.

"Mikono ni miwili," akasema. "Mmoja wa debe, mwingine wa mti. Taa itashikwa na nani? Zamani mzee ndiye aliyekuwa anashika taa. Sasa yuko pale." Akaelekeza kidevu nyuma ya jikoni, kwenye kaburi lililozungushiwa mawe. "Sisi wote hapa ni hivyo. Waume wako Mombasa, wanalinda mageti ya watu."

Niliifungua tochi. Betri moja ilikuwa nzima, nyingine haikuwa na kitu. Nikatazama mfukoni mwangu. Zilizobaki zilikuwa takataka, isipokuwa moja ambayo niliijua vizuri. Ilikuwa inajaa upesi na kuisha upesi, na ikichajiwa ilipata joto. Betri ya namna hiyo mimi huitenga. Lakini jua lilikuwa linashuka, susu alikuwa amenilisha, na kusema "sina" kulinitia aibu. Ganda lake lilikuwa limechanika. Nikalivua, nikaivalisha ganda jipya la zambarau, rangi pekee niliyokuwa nimebaki nayo, nikalikaza kwa joto la kiberiti. Ikang'aa kama imetoka dukani. Nikaitia ndani ya bomba nyuma ya ile nzima. Tochi ikawaka, mwanga ukapiga mti wa mgunga ulio mbali ng'ambo ya korongo.

"Aka!" susu akasema. "Na itafika mavuno?"

"Itafika."

Alinilipa mkebe mmoja wa ndengu za msimu uliopita. Kesho yake nikaondoka.

Nilikwenda Sultan Hamud kwa sababu lori lililonichukua lilikuwa linaishia huko. Nikapata pa kulala nyuma ya duka la vipuri, na mchana nilikaa kwenye uwanja wa nyuma nikitengeneza redio na tochi za wenye maduka. Siku moja kazi ilikuwa haba. Nikawa nafikiria ile betri ya susu, si kwa wema, ni udadisi tu: nilitaka kujua ni nini hutokea ndani ya bomba wakati dhaifu imeisha na nzima bado ina nguvu. Nikachukua tochi yangu kuukuu, nikaweka betri moja nzuri na moja mbovu inayofanana na ile, nikaiwasha nikaiacha juu ya jiwe. Taa ilipofifia niliifungua nikapima. Ile nzuri ilikuwa bado na nguvu. Ile mbovu mita ilinionyesha alama ya kutoa.

Nilifikiri nimegeuza nyaya. Nikapima tena. Alama ya kutoa ilibaki. Betri haikuwa imeisha tu, ilikuwa imepinduliwa. Mwenzake alikuwa hajasimama. Aliendelea kusukuma umeme, na kwa kuwa njia ni moja, ulipitia ndani ya yule aliyekwisha na kumharibu kutoka ndani. Nilifurahi kama mtoto kuona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Nikazichaji zote mbili, nikarudia. Siku ya pili nikarudia. Siku ya tatu nikaiwasha na kwenda kununua chai. Nikiwa mlangoni nikasikia mluzi, kama wa sufuria inayotaka kuchemka, kisha mlio. Nilipogeuka, jiwe lilikuwa limejaa moshi mweupe. Kioo cha tochi hakikuonekana tena. Kifuniko cha mkiani, pamoja na mpira wake, kilikuwa kimeruka na kutoboa mabati ya ua wa jirani.

Nilikwenda nikachungulia lile tundu. Kidole changu kilipita.

Mabomba haya hufungwa kwa mpira ili maji yasiingie. Hewa nayo haitoki. Na mkiani ndipo penye meno ya susu.

Chai niliisahau. Mwenye duka la vipuri aliniuliza naenda wapi na mfuko, nikamwambia narudi Kambu, akasema, "Wewe si ulitoka huko juzi? Umesahau mke?" Nilijaribu kucheka nikashindwa. Njiani nilihesabu siku tangu niondoke kwake. Zilikuwa kumi na mbili, na betri ile ilikuwa inatumika kila usiku na kuchajiwa kila mchana. Yangu ilikuwa imedumu tatu. Sikujua kwa nini ya kwake ingedumu kumi na mbili, na mtu asiyejua sababu hawezi kujituliza.

Nilipofika bomani kwa susu ilikuwa karibu saa sita mchana. Alikuwa mzima. Alikuwa anasuka kiondo. Nilisimama pale langoni, naye akanitazama akasema, "Umerudi kula?"

"Susu, naomba ile tochi."

Aliileta. Niliifungua. Ndani mlikuwa na betri mbili, moja ya kijani na moja nyeupe. Ya zambarau haikuwamo.

"Iko wapi?"

"Ipi?"

"Ya zambarau. Ile niliyokuuzia."

"Itakuwa kwa jirani," akasema, kana kwamba namuuliza kikombe. "Au aliirudisha akachukua nyingine. Sisi hatuangalii rangi."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo siku zile mbili za kwanza sikuliona, kwa kuwa nilikuwa nauza, si kutazama. Kwenye mteremko ule betri hazikuwa na mwenyewe. Tochi zilikuwa na wenyewe, betri zilitembea. Kuchaji kulikuwa kwenye kibanda kimoja chenye sola, mwendo wa nusu saa, kwa hiyo aliyekwenda alichukua zilizoisha za boma lake na za jirani, na aliyekuwa anaingia zamu alichukua zilizojaa zilizo karibu. Ukikosa, unaomba moja. Hakuna aliyeomba mbili, maana kuomba mbili ni kumwacha mwenzako gizani. Unaomba moja, naye anabaki na moja, na kwa mwingine unapata ya pili. Waliazimana betri kama watu wanavyoazimana chumvi au kaa la moto. Ndiyo maana ya zambarau ilikuwa imedumu. Ilikuwa haikai na mwenzi mmoja, na ikififia ilitolewa kabla mwenzake hajaisukuma sana. Lakini ndiyo maana pia ilikuwa imepita katika vinywa ambavyo mimi sikuvijua.

Nilikimbia kwa jirani. Alikuwa mwanamke kijana, mtoto mgongoni, anatwanga. Mumewe alikuwa mmoja wa hao walinzi wa mageti Mombasa.

"Ya zambarau? Nimeipeleka kibandani asubuhi," akasema. "Leo ilikuwa inawaka dakika mbili inazima. Na inanuka."

"Inanuka nini?"

"Kama rangi ya kucha."

Nilijua harufu hiyo. Ni ya kilicho ndani ya betri kikitafuta njia ya kutoka.

"Uliishika vipi tochi?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa anakulaje chakula. Akafungua mdomo, akauma hewa kidogo, meno meupe, akacheka. Mtoto mgongoni naye akacheka kwa kusikia mama anacheka.

Mwenye kibanda alikuwa mwanamume wa makamo, shemasi wa kanisa la pale juu. Wazee wawili walikuwa wameketi kwenye benchi wakisubiri simu zao. Betri zilikuwa zimepangwa kwenye chaja, kumi hivi, nikaiona ya zambarau katikati. Nikanyoosha mkono. Shemasi akaupiga mkono wangu kwa rula.

"Pole pole. Hizo ni mali za watu."

"Hiyo ya zambarau ni mbovu. Naomba niitoe."

"Una karatasi? Una ujumbe? Mtu atatoka huku aseme ametumwa, nimpe betri ya mama fulani, halafu Jumapili nisimame mbele ya kanisa niseme nini?"

Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Shemasi, huyu ndiye aliyewauzia. Amekuja kuiba aliyouza, auze tena."

"Fundi wa mzunguko," mwenzake akasema. "Anazunguka kama betri zake."

Ningeweza kusema betri zingine huharibika zenyewe. Ningeweza kusema ni jua, ni sola, ni chaja ya shemasi. Nilikuwa na maneno hayo yote tayari, maana nimeishi kwa maneno. Lakini ile betri ilikuwa inanitazama pale, na taa ya chaja yake ilikuwa nyekundu wakati ambapo ingekuwa imeshajaa.

"Ni kweli niliiuza mimi," nikasema. "Nilipoiuza nilijua ni mbovu. Niliivalisha ganda jipya ili isionekane. Nimeona nyingine kama hiyo ikipasuka, ikatoboa bati. Wanawake hawa wanazishika kwa meno."

Shemasi akalamba ncha ya kidole, akaigusa betri, akaurudisha mkono haraka.

"Ina moto kama mtoto wa malaria," akasema.

Akachomoa waya wa sola mwenyewe. Nikaitoa betri kwa kitambaa na kuitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, nikaifukia kwa mchanga wa njiani hadi juu, nikauacha mkebe wazi. Tulisimama mbali tukiutazama kama watu wanaosubiri maji yachemke. Mchanga ulitoa moshi mwembamba mara moja, kisha basi. Mzee aliyenitania alivua kofia akajipepea.

Jirani alikuwa amenifuata, na alisikia yote. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu. Tulipofika kwa susu yeye ndiye aliyesimulia, kwa Kikamba, haraka, nami niliyasikia yote kwa kuwa ni lugha yangu. Susu alisikiliza akisuka. Alipomaliza, susu akaniuliza swali moja.

"Siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilijua ni dhaifu. Sikujua inaweza kupasuka."

"Nimekuuliza ulikuwa unajua."

"Nilijua, susu."

Akakata uzi kwa meno yaleyale. "Sasa tutalinda na nini? Imebaki wiki moja."

Kati ya maboma yale mawili zilikuwa betri nne; sasa zilibaki tatu. Niliitoa ya kwenye tochi yangu ya kichwani ikawa ya nne. Nikazichaji kwa shemasi hadi zikajaa, nikazijaribu moja moja kwa tochi na mita kutwa nzima ya siku iliyofuata. Mbili zilikuwa na nguvu sawa, nzuri. Mbili nyingine, mojawapo ikiwa ile yangu, zilikuwa zimechoka, lakini zilichoka sawa. Nikawaeleza: dhaifu na dhaifu zinaweza kukaa pamoja, zitaisha pamoja na hakuna atakayemsukuma mwenzake. Dhaifu na nzima, hapana, kamwe. Nikazifunga mbili mbili kwa uzi wa kiondo, nzuri kwa uzi mwekundu, chovu kwa uzi wa katani, nikasema pia hata zikiazimwa ziazimwe zikiwa mbili. Na mtu asishike tochi kwa meno. Nikawatengenezea mikanda ya kipande cha mpira wa gari ya kuifunga tochi begani.

"Nani anachukua zipi?" jirani akauliza.

"Wewe chukua nyekundu," susu akasema.

"Susu, shamba lako ndilo la kwanza. Wanaanzia kwako."

"Wewe una mtoto mgongoni. Mimi nina miguu yangu tu. Chukua, tusipoteze jua."

Nilikaa kulinda na susu, juu ya jukwaa la miti lililokuwa shambani mwake. Hilo ndilo lilikuwa jambo dogo kabisa ningeweza kufanya. Usiku wa kwanza na wa pili haukuwa na kitu. Wa tatu nitausema kwa ufupi, kwa sababu ulikuwa mfupi. Tuliwasikia wakivunja kichaka, tukamulika, nikapiga debe, wakasimama. Walikuwa watano. Ndovu akipigwa na mwanga mkali machoni hugeuka. Hiyo ndiyo siri yote ya tochi kali. Tukaukaza mwanga juu yao, na wakati ule walipoanza kugeuza masikio taa ikafifia, ikawa ya rangi ya chungwa, ikawa nyekundu, ikazima. Betri zote mbili ziliisha pamoja kama nilivyoahidi. Hakuna kilichopasuka. Tulishuka kutoka kwenye lile jukwaa la kulindia tukakimbilia jikoni, na kutoka jikoni tukawasikia wakila.

Asubuhi susu alitembea shambani peke yake kwanza. Mimi nilibaki langoni. Aliinama hapa na pale, akaokota mashina yaliyong'olewa, akayakung'uta udongo, akayaweka upande. Zaidi ya nusu ilikuwa imekwenda. Iliyobaki ilikuwa imekanyagwa. Aliporudi aliniambia, "Leta magunia. Tunang'oa yote leo, hata mabichi."

Tulikuwa tumemaliza mistari miwili jirani alipofika na kiondo chake. Hakusalimu. Aliingia mstari wa tatu akaanza kung'oa. Shamba lake halikuguswa. Jua lilipokuwa kali tuliketi kwenye kivuli cha jukwaa, tukanywa maji, ndipo akasema.

"Niliiona taa yenu ikifa. Mngeita, ningeleta moja."

"Moja haifai tena," susu akasema. "Fundi amesema."

"Ningeleta zote mbili, basi."

"Na wewe ungekaa na nini? Na mtoto?"

Jirani alinitazama mimi, bila hasira, kama mtu anayetazama mita asiyoijua kuisoma. Nimekumbuka macho yale mara nyingi. Kabla sijafika, taa ya susu ikifa angepiga kelele, moja ingeletwa mbio kutoka chini, ingewekwa na chovu, ingewaka robo saa, na robo saa ingetosha. Pengine ingetosha. Na pengine siku moja ingepasuka katika meno ya mtu. Nilikuwa nimewaambia ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa sahihi. Nimeupima tena mara nyingi tangu siku ile na bado ni sahihi. Lakini uzi wangu uliofunga betri mbili mbili ulikuwa umefunga pia kitu kingine kilichokuwa kikitembea bure kati ya maboma yale, nami sikuwa nimekiona, kwa sababu mita haikipimi.

Nilikaa siku nne zaidi. Tulikausha ndengu, tukazipiga, tukazipepeta. Zilikuwa magunia mawili na kidogo. Mwaka uliotangulia, susu aliniambia, zilikuwa sita. Mabichi tulikula. Nilimwachia mita yangu, nikamwonyesha jirani jinsi ya kuisoma, namna ya kuzipima betri kabla ya kuziunganisha, na akashika upesi kuliko nilivyoshika mimi. Alikuwa amefika kidato cha pili. Siku ya kuondoka nilimwambia susu nitamletea betri nne mpya, za kweli, nikizipata.

"Sema umekwenda," akanijibu. "Usiseme utaleta. Ukileta, nitaona."

Alinifungia viazi vitamu kwenye karatasi. Kibandani kwa shemasi nilichukua mkebe wa mchanga. Hakutaka ukae pale, na mimi sikutaka kuuacha mahali ambapo mtu angeuchimbua kwa udadisi. Najua udadisi.

Nikatoka barabarani nikaomba lifti. Dereva wa lori la saruji alinichukua hadi Salama, na kwa kuwa yeye alikuwa anakata kona hapo, nami nikashuka hapo. Ilikuwa bado alasiri. Sikuwa nimewahi kulala Salama. Nyuma ya bucha palikuwa na vyumba sita vimepakwa rangi ya samawati, na mwenyewe, mama mnene mwenye leso kichwani, alikuwa anaanika mashuka.

"Chumba kipo," akasema. "Peke yako?"

"Peke yangu."

"Na huo mkebe una nini? Sitaki pombe hapa. Sitaki pia dawa za waganga."

Nikaweka mkebe chini, mbali na mashuka yake. Nilikuwa nimechoka, na jibu fupi lilikuwa karibu: ni mchanga tu, mama. Lingeonekana kuwa kweli, kwa kuwa ni mchanga ndio unaoonekana.

"Ni betri mbovu," nikasema. "Niliiuzia mtu nikijua ni mbovu. Nimeifukia ili isiwake. Naipeleka Nairobi, nimesikia kuna watu wanaozipokea na kuziharibu vizuri."

Alinitazama juu hadi chini, shuka likidondosha maji mkononi mwake.

"Inaweza kuchoma nyumba?"

"Sasa hivi sidhani. Lakini siwezi kukuapia."

"Basi yenyewe italala nje," akasema, "na wewe utalala ndani. Pale, kwenye simiti, karibu na tangi la maji. Na asubuhi usiisahau."

Niliubeba mkebe hadi kwenye simiti, nikaukalisha, nikaufunika kwa kigae ili mvua isiingie. Niliporudi alikuwa amekwisha kuning'iniza shuka la mwisho, na ananinyooshea ufunguo.

"Namba nne," akasema. "Taa inafanya kazi."